Maswali yenu kuhusu Raman Parimala

Wiki iliyopita nilimtaja Raman Parimala, mwanahisabati kutoka India, na maswali yakamiminika. Nayajibu machache.

Shikamoo mwalimu. Huyu ndiye yule mama aliyezidisha namba kubwa kwa kichwa kama kompyuta? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hapana, huyo ni Shakuntala Devi. Mwaka 1980, pale Imperial College jijini London, alizidisha namba mbili zenye tarakimu 13 kila moja kwa sekunde 28. Kipaji cha ajabu, lakini kazi ya Parimala ni nyingine kabisa. Yeye hashindani na saa. Anathibitisha, na swali moja linaweza kumchukua zaidi ya miaka kumi.

Alisoma wapi? (Msomaji, Mombasa)

Alizaliwa mwaka 1948, akakulia Tamil Nadu, kusini mwa India, na kusoma chuo cha wanawake cha Stella Maris, Chennai. Uzamivu aliupata Mumbai mwaka 1976. Alifanya utafiti katika Taasisi ya Tata kwa miaka mingi, kisha mwaka 2005 akahamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta.

Alivumbua nini hasa? Tueleze sisi tuliokimbia hesabu. (Msomaji, Morogoro)

Chukua x² + y² = 0. Kwa namba za kawaida, jibu ni moja tu: zote mbili ziwe sifuri. Ukiongeza z², w² na kuendelea, hali ni ileile, maana namba ikizidishwa kwa yenyewe haiwi hasi. Lakini wanahisabati wana mifumo mingine ya namba, ukiwemo ule unaojengwa juu ya namba tasa kama 3, 5 au 7. Humo, herufi zikizidi 4, mlinganyo wa aina hii, hata kila mraba ukizidishwa kwanza kwa namba yoyote, lazima uwe na jibu lisilo la sifuri tupu.

Sasa ndani ya mfumo huo weka sehemu za aljebra zenye t juu na chini. Kikomo cha idadi ya herufi, kama ile 4, sasa ni kipi? Kwa miaka mingi hakuna aliyejua hata kama kikomo kipo. Miaka ya 1990 watafiti walithibitisha kwamba hakizidi 26, kisha 22. Mwaka 1998 Parimala na mwanahisabati mwenzake, V. Suresh, wakakishusha hadi 10. Hawakuridhika. Mwaka 2010 walichapisha uthibitisho kwamba, kwa namba tasa zote isipokuwa 2, kikomo ni 8 kamili. Binafsi sijui hadithi ya hesabu inayonisisimua kuliko hii.

Ndoa haikumrudisha nyuma? (Msomaji, Dodoma)

Hapa tunaingia sisi. Walipooana, mumewe alikuwa mkaguzi wa hesabu Dar es Salaam. Aliiacha kazi hiyo akahamia Mumbai ili mkewe aendelee na utafiti. Nasema waziwazi: bila uamuzi ule, huenda ile 8 ingekuwa na jina la mtu mwingine.

Nchi yake inamthamini? (Msomaji, Nairobi)

Ndiyo. Mwaka 1987 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Bhatnagar, tuzo kubwa ya sayansi ya India, katika hisabati. Mkutano mkuu wa wanahisabati duniani ulipofanyika Hyderabad mwaka 2010, alitoa mmoja wa mihadhara mikuu. Mwanafunzi wake, Sujatha Ramdorai, alipata Tuzo ya Ramanujan, ya wanahisabati vijana wa nchi zinazoendelea, mwaka 2006, naye pia akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Binti yangu yuko kidato cha tatu na anapenda hesabu. Aanzie wapi? (Mama, Iringa)

Mpe x² + y² = z², atafute namba nzima zinazokubali; 3, 4 na 5 atazipata haraka. Kisha mpe x² + y² = 3z². Hatapata kitu zaidi ya sifuri. Mwache ahangaike siku kadhaa, ndipo umwambie agawanye namba za mraba kwa 3 na kuangalia baki.