Jibu kwa Mwalimu wa Tukuyu: Samaki-bomba mwenye mayai

Salaam, Mwalimu. Umeuliza kwa nini samaki-bomba, yule samaki mwembamba mrefu, uliyeletewa kutoka pwani katika chupa ya fomalini (dawa ya kuhifadhia) ana mayai chini ya tumbo, ilhali wanafunzi walipompasua hawakuona ovari, kiungo cha jike cha kutengeneza mayai.

Hawakukosea, kwani huyo ni dume. Kwa samaki hawa, jamaa wa farasi-bahari, jike humkabidhi dume mayai, naye huyarutubisha na kuyabeba hadi yaanguliwe. Angalia kwanza mkia: ukikosa pezi mwishoni, na mayai yakiwa yameshikamana waziwazi kwenye ngozi ya tumbo, yaelekea ni Syngnathoides biaculeatus, ambaye katika nyasi bahari za mwambao wetu huyashika majani kwa mkia huo. Wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Syngnathus hubeba mayai nyuma ya tundu la haja kubwa, katika mfuko wa mikunjo miwili ya ngozi, ambamo dume huvipatia viinitete (vitoto vinavyokua ndani ya mayai) oksijeni.

Hapa Iringa nilimsafisha mmoja wa aina ya kwanza kwa brashi ngumu, mayai yakabanduka. Vilibaki vishimo vidogo mithili ya sega la asali, na wanafunzi wakaona wazi jinsi kila yai lilivyokuwa limelazwa katika ngozi ya baba. Tafadhali mtazameni wenu kwa lenzi kabla ya kumgusa tena.