Maswali ya Wasomaji: Toluini na Ndugu Zake, Kuanzia Godoro Hadi Juisi

Wataalamu, salaam. Natengeneza sponji za viti hapa Mwanjelwa. Tangu baridi ya Juni ianze, sponji ya leo inatoka laini, ya kesho inapasuka katikati, na vipimo sijagusa. Pipa la TDI ni lilelile, nimeliweka uani. – Fundi wa viti, Mbeya

Fundi, acha vipimo vyako, kagua pipa. TDI, kimiminika kinachotengeneza sponji, ni toluini (pete ya benzini yenye kikundi cha methili, CH3) ambayo haidrojeni mbili za kwenye pete zimeondolewa, na nafasi zake kushikwa na vikundi viwili vya isosianeti. Kiwandani toluini hutiwa nitro mara mbili, nitro zinageuzwa kuwa amini kwa haidrojeni, kisha amini inakutanishwa na fosijini, gesi ya sumu. Inayouzwa zaidi ni mchanganyiko wa isoma mbili (molekuli zenye atomu zilezile, ila vikundi vimekaa nafasi tofauti), 2,4 na 2,6, kwa uwiano wa 80 kwa 20. Mchanganyiko huo huanza kuganda kwenye nyuzi 14 hivi, na usiku wa Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10.

Haugandi wote kwa pamoja. Zinazojitenga kwanza ni punje zenye 2,4 nyingi, na ndiyo isoma yenye haraka. Ukichota kimiminika kilichobaki, unachota 2,6 nyingi, ambayo ni nzito kuitikia. Pipa likija kuyeyuka bila kuchanganywa, mambo yanageuka. Ndiyo maana kila siku unaumua kitu tofauti kwa vipimo vilevile.

Liingize ndani, kwenye chumba cha nyuzi 25 hadi 35, likae siku moja au mbili mpaka liyeyuke lote. Kisha libiringishe likiwa limefungwa, ndipo upime. Jiko la mkaa usilisogeze hata kwa mbali: likipata joto kali, molekuli hushikana mbilimbili na kuacha mashapo meupe ambayo hayana kazi tena. Unyevu nao usiingie. TDI ikikutana na maji hutoa kaboni dioksidi, gesi ileile inayoumua sponji yako, na ndani ya pipa lililofungwa gesi hiyo hujaa mpaka bati linapasuka. Ukikuta pipa limevimba, usiligonge, kaa mbali. Mvuke wa TDI huleta pumu, na mtu akishaathirika, kiasi kidogo sana kinatosha kumrudishia. Barakoa ya kitambaa hapo ni pambo tu.

Nauza juisi ya karakara na ya parachichi, zote natia sodiamu benzoeti kwa kipimo kimoja. Ya karakara inakaa, ya parachichi inaharibika siku ya tatu. Niongeze? Halafu naona chengachenga nyeupe chini ya ndoo. – Mama wa juisi, Tukuyu

Usiongeze hata punje, mama. Benzoeti yenyewe haina nguvu. Kinachopenya ndani ya hamira na ukungu ni asidi ya benzoiki, na benzoeti hugeuka kuwa asidi hiyo pale tu juisi inapokuwa kali. Kwenye pH (kipimo cha ukali, namba ikishuka ukali unapanda) ya 4.2 nusu yake imegeuka. Kwenye karakara, yenye pH ya 3 hivi, ni zaidi ya tisa ya kumi. Parachichi iko juu ya 6, na huko haifiki 2 kwa mia. Hata ukitia mara tano utaharibu ladha tu. Ishushe kwa ndimu au asidi ya sitriki mpaka chini ya pH 4, upime kwa karatasi za pH wala si kwa ulimi, au uiuze ikiwa imegandishwa.

Kuhusu kiasi, Marekani inaruhusu kisichozidi gramu 1 kwa kilo. Ulaya, kwa vinywaji baridi, ni miligramu 150 kwa lita. Wewe fuata kiwango cha TBS cha bidhaa yako.

Chengachenga zinaonyesha kuwa umekoroga benzoeti na sitriki kwenye kikombe kimoja. Lita ya maji huyeyusha zaidi ya gramu 500 za benzoeti, lakini asidi ya benzoiki ni gramu 3 na kidogo tu, na kwenye baridi ya Tukuyu hupungua zaidi. Yeyusha benzoeti peke yake kwenye maji ya uvuguvugu, mimina kwenye juisi huku unakoroga, sitriki ije mwisho. Na usiongeze vitamini C ya unga: ikikaa na benzoeti, hasa chupa zikianikwa juani dukani, benzini kidogo huweza kujitengeneza.

Undugu na toluini? Hewa hupitishwa kwenye toluini yenye joto la nyuzi 150 na zaidi, kichocheo kikiwa kobalti. Methili inageuka, toluini inakuwa asidi ya benzoiki, kisha asidi inatulizwa kwa magadi makali na kuwa sodiamu benzoeti.

Kitabu kimoja kinasema klorini na toluini hutoa klorotoluini, kingine kloridi ya benzili. Kipi ni sahihi? – Kidato cha sita, Iringa

Vyote viwili. Kukiwa na kloridi ya chuma, gizani na bila joto kali, klorini hukaa kwenye pete, nafasi za orto (jirani na methili) na para (mkabala nayo), ndiyo klorotoluini. Kukiwa na mwanga na joto bila chuma, hushambulia methili, ndiyo kloridi ya benzili. Kwa hiyo mtambo wa kazi ya mwanga hautakiwi kuwa na kutu hata chembe. Klorotoluini ya orto huchemka kwenye nyuzi 159 na ya para 162, kwa hiyo kuzitenganisha kwa kuchemsha na kukusanya mvuke ni mateso. Lakini para huganda kwenye 7.5 na orto kwenye −35, basi baridi husaidia. Usijaribu shuleni: kloridi ya benzili hutoa machozi kuliko kitunguu chochote.

BHT kiasi gani kwa dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti? – Mkamuaji, Isimani

Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, ni miligramu 75 kwa kilo. Dumu lina kilo 18.4 hivi, kwa hiyo usizidi gramu 1.38, tumia mzani wa gramu, si kijiko. Iyeyushe kwanza kwenye mafuta kidogo ya nyuzi 60. BHT, ambayo hutokana na para-kresoli (toluini yenye kikundi cha OH kwenye pete) na gesi ya isobutini, huchelewesha mafuta kuchacha. Yaliyokwisha kuchacha haiyarudishi.