Masikio ya tembo: kabla hujapanda fikiria nani anaingia bustanini

Wiki hii mmeuliza mmea gani unapendezesha zaidi pembeni ya bwawa la nyumbani, na najua wengi watataja masikio ya tembo. Mimi la kupendeza siligusi, nitajibu la nani anaingia kwenye hiyo bustani wewe ukiwa kazini.

Nina kabwawa Kimara, Dar es Salaam, mita 2 kwa 3, chini turubai, humo nafuga perege. Pembeni nilipanda masikio ya tembo, yale ambayo majani yanasimama yakitazama juu. Nilianza na chipukizi moja la muuza miche wa barabarani, na kwa vile maji lilikuwa linapata muda wote, baada ya mwaka jani moja lilikuwa linamfunika mwanangu wa miaka mitano mzima mzima. Palipendeza kwa kweli.

Sasa Mama akaja kutoka Marangu, Kilimanjaro. Waliokulia kule wanajua, pembeni ya mfereji kihambani, yaani shamba la nyumbani, ni magimbi, unachimba unapika, nani atakuuliza. Alifika usiku, alfajiri saa 11 nikawahi basi la mwendokasi, hata sikumzungusha nje. Na Mama sio mtu wa kukaa. Akaona yale majani akamwambia dada wa kazi, huyu mtoto ana magimbi yote haya halafu ananunua sokoni? Akachukua jembe. Akachimba shina moja, akamenya, mikono ikamuwasha akasema ndivyo gimbi lilivyo, na kweli hata gimbi likiwa bichi linawasha. Akachemsha na chumvi, akaonja kipande ajue kama limeiva.

Saa 6 mchana napigiwa simu dada analia. Nafika namkuta Mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, midomo imevimba, mate yanachuruzika hawezi kumeza, amejiziba na kanga, na kile kipande bado kipo kwenye sahani kimeng'atwa kwa pembeni tu. Baadaye alisema ilikuwa kama kutafuna sindano, na daktari akatuambia hajakosea, ndani ya ule mmea kuna vifuwele vidogo mno vilivyochongoka kama sindano, ndivyo vinavyochoma ulimi na koo. Walimwangalia upumuaji mpaka jioni wakamruhusu. Kilichoniuma zaidi ni alivyoniomba samahani, mara tatu, eti ameniharibia maua. Mama yangu ananiomba samahani kwa kitu nilichopanda mimi na sikumwambia!

Kwa hiyo nilivyoanza kuandika nilitaka kusema ng'oeni yote. Na mimi kesho yake nilishika jembe nikang'oe, aliyenizuia ni Mama mwenyewe. Akanipeleka hadi bwawani akanishikisha jani, ona mwanangu, gimbi jani lake linainama, na bua linaingia katikati kidogo kwa nyuma, hili bua limeshikia pale jani linapogawanyika, na jani linasimama. Halafu akaangalia maji akasema acha, samaki wanapenda kivuli hiki.

Na ni kweli. Jua la saa 8 maji hayachemki, ule ukijani umepungua, na wale ndege yangeyange waliokuwa wananimalizia perege siku hizi hawawaoni vizuri. Mpaka leo yapo, sijang'oa, na ukiniuliza nitakwambia panda.

Ila magimbi ya kula usiyaweke bwawa hilo hilo, na zile alama za jani alizonionyesha Mama usizitegemee peke yake, maana wauza miche kuna aina za gimbi la urembo nazo wanaziita masikio ya tembo. Ukikata majani vaa glavu. Dada wa kazi, mgeni, fundi, kila anayelala au kushinda hapo mwambie siku ya kwanza, mpeleke ayaone kwa macho. Mwenye mtoto anayetambaa, wa kuweka kila kitu mdomoni, yeye asipande kwanza, hapo silegezi.