Muulize Shangazi: Mama muuza samaki kwenye meza ya Kijapani

SWALI

Shangazi, salamu kutoka Kisumu. Mama yetu anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Kitinda mimba wetu anafanya kazi Nairobi, na ameshalipia meza ya watu sita katika mkahawa wa Kijapani wa bei kali, Jumamosi saa moja unusu usiku. Mama ameuza samaki Kibuye zaidi ya miaka 30, na karo yetu ilitoka kwenye karai lake. Ni Msabato, ana presha, na tangu asikie kwamba huko watu hula samaki mbichi ameanza visingizio: leo mguu unauma, kesho kuku hawana wa kuwaangalia. Ndugu yangu anasema mimi ndiye ninayemharibia sherehe. Naogopa mama ataaibika mbele za watu. Nimwambie ndugu yangu aghairi, au nimfundishe mama kushika vile vijiti?

Kifungua mimba, Kisumu

JIBU

Mwanangu, asighairi. Na vijiti viache huko huko viliko. Barua yako imenikaa moyoni kwa sababu kosa unaloliogopa mimi nilishalifanya.

Baba yangu alikuwa mstaafu wa reli, hapa Nakuru. Alipofikisha miaka 75 nilimpeleka mkahawa wa namna hiyo hiyo, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikumweleza kitu. Nilitaka ashangae. Kando ya sahani palikuwa na kidonge cha kijani. Akadhani ni parachichi, akakitia chote mdomoni. Kumbe ni wasabi. Ukali wake haukai ulimini kama pilipili yetu, hupanda puani hadi machoni. Mzee akatoa leso, akajifuta machozi polepole, na wahudumu wawili wakatazamana wakacheka. Akaweka vijiti chini, akavilaza sambamba, akawa anakunywa maji tu mpaka tulipoondoka. Kwenye gari akasema, "Asante binti yangu, chakula chao kizuri." Usiku nikamsikia jikoni akipasha githeri. Ameshafariki, na mlio wa ile sufuria bado ninao masikioni.

Kwa hiyo mama asiende gizani. Mweleze kila kitakachofika mezani, tena mweleze kama muuza samaki anavyozungumza na mwenzake, maana katika hao watu sita anayemjua samaki kuliko wote ni yeye.

Hofu yake ya samaki mbichi si ushamba. Kwa ngege na mbuta wa ziwani ana haki kabisa. Samaki wa maji baridi huweza kubeba minyoo inayomwingia binadamu, na Wajapani wenyewe kwa kawaida huwala wabichi wale wa baharini. Hata hao wengi hugandishwa kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife. Salmoni, ambaye siku hizi ndiye anayesifiwa kila mahali, Wajapani walikuwa wakimla amepikwa. Kumla mbichi ni mazoea yaliyoenea baada ya wauzaji wa Norway kuwashawishi kuanzia miaka ya 1980. Basi mama akisema hataki, neno lake litoshe. Mimi kwa umri wake ningeagiza vilivyopikwa, na vimejaa tele.

Cha mapema kitakuwa bakuli dogo la mchuzi wa miso, yaani soya iliyochachushwa. Hapa kaa naye chini umwambie vizuri, kwa sababu hapa ndipo atakapojiona nyumbani. Msingi wa mchuzi ule ni maji waliyochemshia mwani na samaki wakavu. Wengine hutumia jodari aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama kuni, kisha huparuzwa vipande vyembamba kama karatasi. Lakini nyumba nyingi za Japani hutumia visamaki vidogo vilivyochemshwa na kuanikwa, viitwavyo niboshi. Niliwahi kuvishika mkononi, kama omena kabisa: rangi ya fedha, vimejikunja, macho yamebaki kama nukta. Vimwage juu ya gunia pale Kibuye uone kama mteja hataulizia bei ya gorogoro. Wapishi wao huvitoa kichwa na tumbo ili mchuzi usiwe mchungu. Mama akilinusa lile bakuli ataelewa mwenyewe, hatahitaji mkalimani. Hunyanyuliwa kwa mikono na kunywewa ukingoni, bila kijiko.

Usabato wake hauna budi kuheshimiwa kabla ya kuingia mlangoni, si mbele ya sahani. Anayefuata sharti la mapezi na magamba atawaacha kamba, kaa, pweza na ngisi. Atamwacha pia mkunga, ambaye huletwa amechomwa kwa makaa na kupakwa mchuzi mtamu. Kama mama hagusi kamongo, umbo la huyu litamwambia lote. Tambi za ramen mara nyingi hupikwa kwa supu ya mifupa ya nguruwe, na vile viandazi vya gyoza huwa na nyama yake. Jambo ambalo wengi hawalijui ni teriyaki, yaani nyama au samaki wa kuchoma aliyepakwa mchuzi mtamu: mchuzi wake hutiwa mirin, divai tamu ya mchele yenye kilevi cha takriban asilimia 14. Ulizia samaki wa shioyaki, anayechomwa kwa chumvi, na usisitize asinyunyiziwe pombe. Nimefurahi kwamba kitinda mimba alichagua saa ambayo jua la Sabato limeshazama. Huyo kijana anamfikiria mamake, usimwone mwenye majivuno.

Kuhusu presha, cha kuchunga ni kile kikombe kidogo cha mchuzi wa soya. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Miso nayo ina chumvi, hali kadhalika huyo samaki wa shioyaki, kwa hiyo waombe wapunguze. Achovye kidogo tu, au asichovye.

Sasa vijiti. Sushi, yaani vitonge vya wali vyenye kipande cha samaki, huliwa kwa mkono hata Tokyo, hakuna anayegeuza shingo. Wataletewa vitaulo vya moto vya kufutia mikono, kama unavyomletea mgeni birika na beseni. Kwa vyakula vingine uma upo, uwekwe mbele yake tangu mwanzo asije akalazimika kuuomba. Wa kufundishwa ni nyinyi watoto: msisimamishe vijiti ndani ya bakuli la wali, maana hivyo ndivyo wanavyomwekea marehemu chakula, wala msipokezane kipande kijiti kwa kijiti, kwani mifupa ya maiti aliyechomwa huokotwa hivyo.

Piga simu mkahawani wewe mwenyewe, wiki moja kabla. Waambie anakuja mama wa miaka 70, mwambie msimamizi asivyokula, na uombe nafasi karibu na kaunta anakokatia mpishi. Huko mama ataona kisu kirefu kikivutwa mara moja tu, bila kusukumwa mbele na nyuma, na atakuwa na maoni. Mwacheni ayatoe. Muulizeni huyu samaki ni wa jana au wa leo. Aangalie jicho, aangalie mashavu.

Kisha uliza swali moja zaidi. Wajapani hawatupi kichwa cha samaki. Hukipasua, wakakitia chumvi, wakakichoma mpaka ngozi ikakauka, na mgeni hukifumua nyama ya shavuni taratibu. Kwenye mikahawa mingi hakiandikwi kwenye menyu, mpaka ukiombe mapema. Kwa mwanamke aliyewauzia watu minofu na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, miaka yote hiyo, muulize msimamizi kama Jumamosi hiyo wanaweza kumwekea kichwa kimoja cha salmoni, kwa jina lake.