Kwenu mnaoanza kozi za bure za mtandaoni

Wadogo zangu mlioripoti kazini mwaka huu, pamoja na nyinyi wa maabara na famasi mlioomba kuingia kwenye kundi letu la masomo, nimezipitia orodha za kozi mlizojisajili na nimeona ni heri niseme mapema. Mmoja wenu amejisajili kozi tisa kwa mkupuo: udhibiti wa maambukizi, afya ya uzazi, mantiki, Kijerumani, Kifaransa, takwimu, lugha ya kompyuta ya Python, usalama wa mtandao na uongozi. Mwingine ameniuliza ni ipi inayotoa cheti haraka kuliko zote. Kila mwaka naliona jambo hilihili kwa watu wapya, tena kwa vijana wenye akili na ari, na kila mwaka naona ari hiyo ikiisha kabla ya mvua za masika. Kwa kuwa nawapenda na sitaki mwaka wenu upotee, nitayasema kwa namba, ingawa najua baadhi ya namba zitanichukua mbali.

1. Kujisajili si kuanza. Chuo cha MIT kilipotoa kozi yake ya kwanza ya wazi ya aina hii mwaka 2012, iliyohusu saketi na elektroniki, walijisajili watu takribani 155,000 na waliopata cheti walizidi kidogo 7,000. Siwezi kusema hao wengine wote walikuwa wavivu, kwani wapo walioingia kuchungulia tu, na hilo ni haki yao. Lakini kozi ya bure inapokuondolea ada, inakuondolea pia vitu vilivyokuwa vikikushikilia: hakuna mzazi aliyeuza ng'ombe, hakuna mwalimu anayekuita jina, hakuna mwenzako wa dawati anayekuuliza jana ulikuwa wapi. Kwa hiyo chukua kozi moja, uimalize, ndipo uchukue nyingine. Wewe unayefanya kazi kwa zamu usipange masomo kwa siku za wiki, panga kwa ratiba ya zamu, na siku ya kwanza baada ya zamu za usiku iache, hiyo ni ya kulala.

2. Mambo madogo yanayogharimu. Jisajili kwa jina lililo kwenye vyeti vyako vya shule, kwa sababu cheti kilichoandikwa "Mama Junior" hakuna afisa utumishi atakayekipokea. Pakua video ukiwa kwenye wifi, na bando likiwa dogo soma maandishi ya mhadhara badala ya kutazama. Tarehe za mwisho nyingi huhesabiwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, hivyo saa 5:59 usiku ya kwao ni saa 8:59 usiku ya kwetu. Kama kozi ni ya kulipia cheti, angalia kama wana fomu ya kuomba msaada wa ada, nawe uijaze mapema kwa sentensi zako mwenyewe, maana majibu hayaji siku hiyohiyo. Kama unahitaji pointi za kuhuisha leseni, uliza baraza lako la taaluma kabla ya kuanza kozi, si baada ya kuimaliza.

3. Msisake alama. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili ndilo lililoniuma.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani liliweka kwenye jukwaa lake la OpenWHO kozi nyingi za bure, zikiwamo za usafi wa mikono na za kuvaa na kuvua vifaa vya kujikinga. Sisi tuliokuwa wodini tulizichangamkia, kwanza kwa sababu ya hofu, pili kwa sababu uongozi wa kituo tulichokuwapo ulitaka kila mtumishi alete cheti. Cheti kilihitaji alama 80 kwa mia, na jaribio liliruhusu kurudiwa. Mwenzetu mmoja alipiga picha maswali na majibu sahihi, akayatuma kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia jioni karibu wodi nzima ilikuwa na vyeti. Wachache tulikataa kutumia picha zile, nami nilikuwa miongoni mwao, lakini tulichofanya hakikuwa na nafuu yoyote: tuliipeleka video kwa kasi maradufu huku tukijaza mafaili, tukabofya majibu, tukakosea, tukabadilisha moja, tukarudia, mpaka alama zikatosha. Vyeti vilibandikwa ukutani kwenye chumba cha wauguzi, na tulivitazama kwa fahari ya kweli.

Baadaye akaja mkufunzi wa udhibiti wa maambukizi kutoka mkoani, mama mmoja mtulivu ambaye hakuuliza habari za vyeti. Alituvalisha gauni, barakoa, miwani na glavu, kisha akatupaka juu ya glavu mafuta ya mgando aliyoyachanganya na rangi nyekundu ya chakula, akasema, "Haya wanangu, vueni kama mnavyovua kila siku." Ningetamani mngeyaona matokeo. Mmoja aliishika barakoa kwa mbele kabla hajavua glavu, na kidevu chake kikawa chekundu. Mwingine alifuta jasho kwa mkono wa gauni. Mimi glavu ya kwanza niliivua vizuri, nikaibana kwa nje na kuigeuza ndani nje, lakini ya pili niliishika kwa juu badala ya kupenyeza kidole kitupu chini ya ukingo wake, na mstari mwekundu ukanibaki kifundoni, mahali ambapo mtu huvaa saa. Yule mama akatuuliza kwa mdomo utaratibu wa kuvua, na wote tukajibu bila kukosea: glavu, gauni, kusafisha mikono, miwani, barakoa kwa kushika kamba za nyuma, kusafisha mikono tena. Tulikuwa tunajua kila kitu isipokuwa kukifanya.

Mbele ya wenzangu niliona aibu, lakini aibu hupita. Kilichokaa nami muda mrefu ni hesabu niliyoifanya nikiwa nimesimama pale na kifundo chekundu: kwa wiki zile zote nilikuwa narudi nyumbani na mikono ileile, nakumbatia watoto, nammiminia mama mzazi chai, nikiwa na uhakika niliopewa na karatasi ukutani. Wenzangu nao walikuwa wakiwaza wazee wao. Hakuna aliyecheka. Mama yule aliturudisha tukavaa tena na kuvua tena, jioni nzima, mpaka kila mmoja akatoka bila doa, na ninaposema leo kwamba najua kuvua glavu, ninachokitaja ni jioni ile.

Kozi yenyewe haikuwa na kosa. Video ilionyesha kila hatua waziwazi, na tungeisimamisha, tukasimama mbele ya kioo na kufuata mkono kwa mkono, tungejua. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliofunga maandishi na kujipima kwa kukumbuka walikuwa mbele baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena, ijapokuwa baada ya dakika tano tu waliosoma tena ndio walioongoza. Jaribio la mwisho wa moduli hukupima ndani ya dakika tano hizo, na ndiyo maana alama zake hutudanganya. Kwa hiyo ukimaliza moduli, funga simu, andika hatua kwa mkono bila kutazama, ndipo ulinganishe. Jaribio lifanye mara moja. Ukifeli, lirudie kesho yake, wala si muda uleule. Na kitu chochote kinachofanywa kwa mikono, kuanzia glavu hadi kumhuisha mtoto mchanga kwa ambubegi, ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, usijihesabu umekisoma mpaka umekifanya mbele ya mtu anayekijua.

4. Msiidharau mantiki. Naona wengi mmeiweka mwisho mkidhani ni ya wanafalsafa. Zipo kozi mbili ninazowapa watu wote wanaoanza: ile ya utangulizi wa mantiki ya Michael Genesereth wa Stanford, ambayo ni ya alama kama za hesabu na uthibitisho, na ile ya hoja ya Chuo Kikuu cha Duke inayofundishwa na Walter Sinnott-Armstrong na Ram Neta, ambayo ni ya lugha ya kawaida. Faida yake mtaiona OPD, kwa wagonjwa wa nje, kabla ya kuiona kwingineko. Mtoto akiwa na malaria, atakuwa na homa. Mtoto huyu ana homa. Basi ana malaria. Kila mmoja wetu amewahi kumsikia mtu akiandika dawa kwa hoja hiyo, nayo haisimami, kwa sababu homa inaweza kuwa ya nimonia au ya njia ya mkojo. Kwa muda mrefu hoja hiyo ndiyo iliyotawala vituoni, hadi mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza.

Lakini kosa hilohilo hurudi kwa mlango wa nyuma, na hapa ndipo interni wengi wanaponaswa. Mwenye vimelea kwa kawaida kipimo chake cha haraka cha malaria, mRDT, huwa chanya. Kipimo cha huyu ni chanya. Basi ana vimelea. Kipimo kinachotafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya tiba, kwa kuwa protini hiyo hukaa kwenye damu vimelea vikiwa vimekwisha kufa. Nimemwona mtoto aliyemaliza dozi ya dawa mseto wiki moja na nusu kabla, amerudishwa na homa nyingine, akaandikiwa dawa mseto tena kwa sababu ya mistari miwili kwenye kipimo, yaani chanya, na kifua chake hakuna aliyekisikiliza mpaka daktari wa zamu alipopita. Aliyemwandikia alikuwa anajua HRP2 ni nini, alikuwa ameisoma. Alichokosa ni mazoea ya kujiuliza kama sentensi ikigeuzwa inabaki kuwa kweli, na mazoea hayo ndiyo hasa kozi ya mantiki inayokupa, zoezi baada ya zoezi, mpaka yanakuwa tabia.

5. Lugha hujifunzwa kwa kinywa. Najua wengi mnakitaka Kijerumani kwa ajili ya uuguzi, hasa baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini makubaliano ya ajira mwezi Septemba 2024, na majirani zetu kuanza kuhesabu siku. Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, wanayo Nicos Weg, kozi ya bure kabisa inayomfuata kijana Nico tangu anapofika Ujerumani na kupotelewa na begi lake, kutoka ngazi ya A1 ya wanaoanza hadi B1 ya kati, na sijaona kozi ya bure ya Kijerumani inayoipita. Lakini kazi ya uuguzi kwa kawaida hudai B2, ngazi inayofuata, na mtihani una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, ilhali simu itakufundisha vizuri matatu ya mwanzo tu, na la nne itakuachia. Tafuta mwenzako wa kundi, mpigiane simu kila wiki na mzungumze Kijerumani kibovu bila kuoneana haya. Na wewe unayejivunia siku zako mfululizo kwenye Duolingo, ile programu ya simu ya lugha, nakupongeza kwa uvumilivu, ila nieleze kwa Kijerumani jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani, nami nitajua umefika wapi.

6. Kwenye teknolojia, hangaikeni wenyewe kwanza. CS50 ya Harvard, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta inayofundishwa na David Malan, ni ya bure kwa yeyote, na inaanza na Scratch, ambako unapanga vipande vya picha badala ya kuandika, kabla ya kuingia kwenye lugha ya programu ya C. Mapema tu utatakiwa uandike programu inayochora piramidi kama ile ya mchezo wa Mario, kwa alama za reli (#) tu, na chombo chao cha kusahihisha kitakukatalia kwa sababu ya nafasi moja tupu iliyozidi mwishoni mwa mstari. Usiku huo utatamani kumwomba ChatGPT jibu. Kozi yenyewe inakataza, nao wameweka bata wao, msaidizi wa akili mnemba ambaye hukuelekeza badala ya kukuandikia. Muulize huyo. Ile nafasi moja ukiitafuta mwenyewe ndipo utakapokielewa kitanzi, yaani amri inayorudiwa tena na tena, na asiyekielewa kitanzi kwenye piramidi atakwama atakapotaka kusafisha daftari la wagonjwa lenye mistari elfu kumi. Nafahamu wengi mtafanyia kwenye simu kwa kukosa kompyuta. Inawezekana kwa Scratch, lakini kwa C itawachosha bure, hivyo ombeni nafasi kwenye kompyuta ya chumba cha takwimu baada ya saa za kazi. Mhusika wa chumba hicho ni mkarimu kwa anayeuliza kwa adabu na kuzima taa akiondoka.

Kundi letu linakutana Alhamisi baada ya makabidhiano ya mchana. Kila mmoja aje na kozi moja, si tisa, na zoezi moja alilolifanya mwenyewe hata kama limekosewa, kwa kuwa tunaanzia pale mtu alipokwama. Cheti kiacheni nyumbani. Wanaoanza na mantiki waje na daftari la hesabu lenye miraba, kwa sababu jedwali la ukweli, linaloorodhesha kila mchanganyiko wa kweli na uongo, likiwa la vigezo vitatu lina mistari minane na halisomeki vizuri kwenye kioo cha simu.