Maswali na majibu: Mwamba uliofungwa bila mlinzi

*"Tulifunga mwamba wa pweza miezi mitatu, hakuna kuvua. Siku ya kufungua wakaja wazamiaji wa vijiji jirani na miwani yao, wakavuna kuliko sisi. Akina mama tuliosubiri maji yatoke tuliambulia mabaki. Ya nini kufunga tena?"* (Msomaji, Kilwa)

Pole sana, dada yangu. Hasira yako ina haki, lakini usiache kufunga.

Pweza wa miamba yetu huishi kama mwaka mmoja na ushei. Jike hutaga mara moja tu maishani. Niliwahi kuonyeshwa tundu la jike aliyetaga: mayai yamening'inia kwenye paa la jiwe, vichane kwa vichane, kila yai dogo kuliko punje ya mchele. Mwenyewe alikuwa mweupe, amekonda, hata kaa aliyepita mlangoni hakumgusa. Hali chakula mpaka mayai yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchoma mkuki siku hiyo, umeondoka na nyama ya jike aliyekonda na maelfu ya watoto. Mwamba ukipumzika, majike wengi zaidi hufika kutaga, na wadogo waliomo hunenepa haraka.

Wavuvi wa Andavadoaka, Madagascar, walifunga kipande cha mwamba mwaka 2004 kwa miezi saba, na vijiji vingine vikaiga. Kisiwa Panza kule Pemba nao wamefunga na kufungua. Shida ya siku ya kufungua si yenu peke yenu.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga tena, kaeni na majirani wale wale. Wakubaliane nanyi tarehe, na BMU, yaani kamati ya kijiji ya kusimamia uvuvi, iandike sheria ndogo yenye faini. Fungueni wakati wa bamvua kubwa, maji yanapotoka mbali, wanaotembea kwa miguu watangulie siku mbili za mwanzo, wazamiaji wafuate. Pangeni bei na mnunuzi mapema, awe na barafu ya kutosha, maana pweza wakishuka wengi kwa siku moja bei huporomoka. Doria iwe na zamu usiku pia.

Kuna jambo hukuliuliza. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kufunga miamba, na mara nyingi wanaonyoosha mkono ni wanaume wenye vyombo. Wao wakifungiwa hapa watakwenda kwingine. Mama anayetegemea mwamba wa miguuni kwake hana pa kwenda kwa miezi mitatu. Asipokuwamo kwenye uamuzi, msimlaumu akiingia usiku. Fungeni kipande, muache kipande.

*"Nauza supu ya pweza. Wale wadogo wa bei rahisi ni kosa kuwanunua?"* (Dar es Salaam)

Ndiyo. Chini ya gramu 500 ni kosa kisheria. Nunua mizani.

*"Samaki ni riziki ya Mungu, bahari haiishi. Mbona mnatutisha?"* (hakutaja mahali)

Swali hili nalipata kila mwezi, na kila mwezi najibu. Muulize babako alivua changu wa ukubwa gani, na alikwenda umbali gani kuwapata. Kisha pima wa kwenye ndoo yako. Riziki Mungu ameileta. Anayeikamata kabla haijazaa ni wewe.

*"Dagaa wa pembeni tunawavua kwa chandarua. Wavu wa dukani ni ghali."* (Bagamoyo)

Najua ni ghali. Lakini chandarua hakichagui. Humo mna vitoto vya tasi na changu waliokuja kukulia kwenye nyasi za bahari, na wewe huwaiti tasi, unawaita dagaa. Changeni watu watano mnunue wavu halali. Na chandarua kirudi kitandani, mbu wapo.

*"Mwamba wetu umejaa shoki, wale wa miiba, hatuwezi kukanyaga. Tuwaue?"* (Unguja)

Mtaua mpaka mchoke. Shoki wamejaa kwa sababu mmemaliza wanaowala, hasa samaki kikande, anayewapindua na kuwapasua. Shoki wakizidi, hula na kukwangua mwamba mpaka matumbawe yashindwe kuota. Acheni kuvua kikande miaka kadhaa, warudisheni baharini wakinasa kwenye madema. Na pono pia: yeye hukwangua majani yanayofunika matumbawe.

*"Tunataka kupanda mikoko mbele ya hoteli, kwenye mchanga mweupe. Tupate wapi miche?"* (Diani)

Msipande. Mikoko haikuwahi kuwapo hapo, na mawimbi yataing'oa kabla ya mwaka. Nendeni Gazi, si mbali nanyi. Mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 unauza hewa ukaa, yaani unalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaifyonza. Fedha zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Wanapanda palipokatwa mikoko, kwenye tope, maji yanapoingia na kutoka. Fedha mlizotenga kwa miche wapeni wao, au mlipe walinzi wa mikoko iliyosimama. Na kama hoteli yenu inamwaga maji machafu ufukweni, anzeni na bomba hilo.