R2-D2 nyumbani: anza na miguu

Kaka, umeuliza kama R2-D2, yule roboti wa filamu za Star Wars, anaweza kujengwa nyumbani bila mashine za kukata chuma. Anaweza kabisa! Waingereza wawili waliokuwa wakimjenga kwa kupenda tu waliishia kuajiriwa kumtengeneza kwa filamu ya 2015.

Kiunzi fanya cha plaiwudi, nje uvike shiti za plastiki. Kimo chake kinazidi mita 1 kidogo, kuba, yaani kichwa chake cha mviringo, lina upana wa sentimita 46 hivi. Ila nakusihi usianze na kuba, hata kama ndilo linalovutia macho. Anza na miguu. Uzito wote unatua pale, mota zinakaa pale, na miguu ikilegea atapinduka mara tu akigusa kizingiti. Umjaribu kwanza akiwa na mzigo wa matofali, rangi baadaye.